Mazoea Hayapandi Ndege

Kitabu cha Mmarekani James Clear kiitwacho Atomic Habits kilitoka mwezi wa Oktoba 2018, na tokea hapo hakijapoa. Kimeuzwa mamilioni ya nakala na kufasiriwa kwa lugha nyingi, na leo mtu akisema tu kwamba anataka kupunguza mwili au kuanza mazoezi, haipiti siku ataambiwa na mwenziwe akisome. Waswahili tulio ughaibuni nasi tumo katika msafara huo. Kwa hivyo tumeona kinastahiki kuhakikiwa katika kurasa hizi kama tunavyohakiki riwaya au diwani: tuangalie kinasema nini, kinalisema vipi, na kinamsemesha nani.

Jambo lenyewe si la mzaha. Msomaji wa tanzia za jumuiya zetu, awe London, Muscat au Toronto, hahitaji kuelezwa na daktari ni maradhi gani yanayotuondolea watu wetu kabla ya uzee. Sukari, presha, moyo, kiharusi. Si mara moja tumemzika mtu wa miaka hamsini na kitu ilhali mama yake yungali hai kule nyumbani, anakwenda sokoni kwa miguu yake. Na kila baada ya mazishi watu hurudi majumbani na nia mpya: kuanzia kesho natembea, kuanzia kesho soda basi. Baada ya wiki tatu nia imeyeyuka, na aliyeweka nia anajilaumu kuwa hana nidhamu. Tunataka kujua iwapo kitabu hiki kinamfaa mtu huyo.

Hoja kuu ya Clear ni nyepesi kuieleza. Mtu habadiliki kwa mruko mmoja mkubwa, hubadilika kwa mambo madogo anayoyarudia kila siku. Ili jambo jema lirudiwe, asema, linahitaji masharti manne: liwe wazi mbele ya macho, livutie, liwe jepesi kulifanya, na liache ladha nzuri baada ya kufanywa. Jambo baya nalo ligeuziwe masharti hayo hayo: lifichwe, lichukize, liwe gumu, liache uchungu. Chini ya masharti hayo ametundika hila nyingi ndogo. Unganisha tendo jipya na la zamani: nikishamimina chai ya asubuhi, nitajinyoosha viungo. Anza na dakika mbili tu: anayetaka kukimbia, leo avae viatu na atoke mlangoni, imetosha. Wala usiseme unataka kukimbia, sema wewe ni mkimbiaji, kwani binadamu hulilinda jina lake kuliko anavyoulinda mpango wake.

Mengi ya hayo ni kweli, na yameandikwa kwa lugha safi isiyomtisha msomaji. Mengine tulikuwa tunayajua kabla hatujakiona kitabu. Haba na haba hujaza kibaba. Bandu bandu huisha gogo. Na kwa upande wa pili wa shilingi, chovya chovya humaliza buyu la asali. Wahenga waliona kwamba udogo unajenga na udogo unabomoa. Tofauti yao na Clear ni kwamba wao hawakumpa mtu ahadi ya tarakimu.

Tuanzie hapo basi, kwenye tarakimu, kwani ndipo kitabu kinapolegea. Mapema kabisa tunaambiwa kwamba mtu akiwa bora kwa asilimia 1 kila siku, baada ya mwaka atakuwa bora mara 37. Hesabu yenyewe ni sahihi. Chukua 1.01, uizidishe kwa nafsi yake mara 365, utapata 37 na ushei. Lakini mwili si fedha iliyowekwa benki. Anayetembea dakika 10 leo hatatembea saa sita kwa siku mwakani, wala hana haja. Presha hushuka kidogo ikatulia. Uzito hupungua kidogo ukasimama, na kusimama huko mara nyingi ndiko ushindi wenyewe. Mtu aliyeahidiwa mara 37 akaona mara moja na nusu atadhani ameshindwa, kumbe amefanikiwa.

Vivyo hivyo hadithi ya waendesha baiskeli wa Uingereza. Clear anaeleza jinsi timu hiyo iliyokuwa dhaifu kwa miaka mingi ilivyomwajiri Dave Brailsford mwaka 2003, naye akatafuta faida ndogo ndogo kila pembe: kiti cha baiskeli, mafuta ya kuchulia misuli, namna ya kunawa mikono wasipate mafua, hata mto na godoro la kulalia. Miaka mitano baadaye, kwenye Olimpiki ya Beijing ya 2008, wakazoa medali. Ni ngano tamu, na inasimuliwa kwa ufundi. Ila msomaji akae akijua kwamba tangu 1997 michezo ya Uingereza ilianza kumiminiwa fedha za bahati nasibu ya taifa, na kwa fedha hizo wachezaji waliweza kuacha kazi nyingine wakafanya mazoezi kutwa. Mto mzuri ni jambo jema. Lakini mto peke yake haukumletea mtu medali, kama vile viatu vipya peke yake havimpi nafasi ya kutembea mtu mwenye kazi mbili.

Tarakimu tamu hazikuanza na Clear, na kwa insafu yeye si mkosaji mkubwa katika hilo. Wengi wetu tumeambiwa kwamba mazoea hujengwa kwa siku 21. Chanzo chake ni daktari wa upasuaji wa sura, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji kiasi cha siku 21, kwa uchache, kuzoea sura mpya kwenye kioo. Kwa uchache! Na alikuwa akizungumzia kujizoea kwenye kioo. Tumeambiwa pia hatua 10,000 kwa siku. Hizo zilitokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, na jina lake lilikuwa na maana ya kipimo cha hatua elfu kumi. Jina lilipendeza, likageuka sheria. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa Marekani juu ya wanawake wazee zaidi ya 16,000. Waliokuwa wakitembea kiasi cha hatua 4,400 kwa siku walionekana kufa kwa uchache zaidi kuliko waliotembea 2,700, na baada ya kama 7,500 hapakuwa na nyongeza ya maana. Habari hiyo ni njema kwa bibi anayetembea hadi dukani na kurudi, lakini haiuziki kama elfu kumi.

Kuhusu muda, utafiti unaotajwa zaidi ulifanywa na Phillippa Lally na wenzake wa Chuo Kikuu cha London, ule wa University College, ukachapishwa kati ya 2009 na 2010. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo dogo la kula, kunywa au mazoezi, wakalifanya kila siku kwa wiki 12 baada ya tukio lile lile, mathalani baada ya chakula cha mchana. Wastani wa kufikia hali ya kulifanya bila ya kulifikiria ulikadiriwa kuwa siku 66. Lakini mwepesi wao alihitaji siku 18 na mzito wao alikadiriwa kuhitaji 254, na mazoezi yalichukua muda mrefu kuliko kunywa maji. Jambo la pili walilolikuta lina faraja zaidi: kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo yule mwenzetu aliyeacha baada ya wiki tatu hakushindwa. Alikuwa ndiyo kwanza yuko njiani.

Hapa tuseme neno juu ya lugha. Wengi wanaokisimulia kitabu hiki kwa Kiswahili huitumia tabia kuwa ndilo neno lake kuu. Sisi tunaona neno hilo linatutia mashakani. Kwetu tabia ni mwenendo na maadili ya mtu. Ukisema fulani hana tabia, umemvunjia heshima yeye na waliomlea. Ukimwambia mtu mzima abadilishe tabia, huwa umeshapanda mimbari, naye ameshajikunja. Neno tunalolihitaji ni mazoea. Mazoea hayana hukumu ndani yake. Mtu huzoea alichokikuta na alichokaa nacho, na akiondoka huzoea kingine. Wazee wakasema mazoea yana tabu, hawakusema mazoea yana dhambi.

Tofauti hiyo si ya kisarufi tu, kwa sababu tunaoishi ugenini tumejizoesha kuuita unene wetu na uvivu wetu upungufu wa nidhamu. Hebu tulipime neno hilo. Mwaka 2016 Ramadhani iliangukia mwezi wa Juni. Waislamu wa London walifunga zaidi ya saa 18 kwa siku, siku baada ya siku, wakaenda kazini, wakaendesha mabasi, wakauguza wagonjwa, maji yako mbele yao na hakuna mlinzi. Wakristo wetu nao wapo wanaofunga Kwaresima siku 40 bila ya kelele. Mtu huyo huyo, Idi au Pasaka ikishapita, atakuambia kwa uso mkavu kwamba hawezi kuacha soda kwa sababu hana nidhamu. Haiwezekani. Nidhamu anayo, tena ya kutosha. Kinachokosekana ni kile kilichoibeba.

Wataalamu wenyewe wamelihangaikia jambo hili. Mwaka 1998 Roy Baumeister na wenzake waliwaweka wanafunzi wenye njaa katika chumba kinachonukia biskuti za chokoleti zilizotoka jikoni, wengine wakaambiwa wale figili na biskuti wasiziguse. Walipopewa baadaye fumbo lisilofumbulika, waliokula figili walikata tamaa upesi zaidi. Ikasemwa kwamba nia ya mtu ni kama msuli, ukiutumia unachoka. Watu wengi waliiamini nadharia hiyo. Mwaka 2016 maabara 23 zilijaribu kuhakikisha, kwa watu zaidi ya 2,000, na tofauti iliyopatikana ilikuwa karibu na sifuri. Mfungaji wa Juni asingeshangaa.

Sasa tufike kwenye kurasa ambazo kwa maoni yetu ndizo bora katika kitabu kizima, nazo ni za sura ya saba. Clear anasimulia habari za askari wa Kimarekani katika vita vya Vietnam. Mwaka 1971 iligundulikana kwamba wengi wao walikuwa waraibu wa heroini, na serikali ikaingiwa na hofu: watakaporudi itakuwaje? Mtafiti Lee Robins akawafuatilia. Waliporejea Marekani, karibu tisa katika kila kumi waliachana nayo. Sababu yake si kwamba walikuwa mashujaa wa kujizuia. Mahali palibadilika. Kule kulikuwa na vita, hofu, heroini ya bei rahisi na wenzao wanaoitumia. Nyumbani vyote hivyo havikuwapo, na mazoea yalikosa pa kushika.

Clear anaisoma hadithi hii kama habari njema, naye yuko sawa. Anahitimisha kwamba wanaosifiwa kwa nidhamu ni wale waliopanga maisha yao wasihitaji kuitumia sana. Lakini hapo ndipo alipofunga sura na sisi tukataka aendelee. Kwani kama kuhama kunamvua mtu mazoea mabaya kwa usiku mmoja, kuhama huko huko kunamvua mazoea mema. Mazoea hayapandi ndege. Kitabu chenye kusomwa dunia nzima, katika zama ambazo mamilioni ya watu wanaishi mbali na walikozaliwa, hakikumuuliza mhamiaji swali hata moja.

Tumuulize sisi. Nyumbani alikuwa akifanya nini? Alikwenda sokoni kila siku, Darajani, Kongowea au Kariakoo, kwa sababu hakukuwa na jokofu la kuweka chakula cha wiki. Alikwenda kwa miguu shuleni, msikitini, kanisani, kumzuru mgonjwa, kupeleka salamu ambazo leo zinapelekwa kwa kidole. Alikuna nazi, alitwanga, alichota maji, alifua kwa mikono. Hakuna aliyeyaita hayo mazoezi. Alikula samaki wa siku hiyo, mchicha, kunde, muhogo, ndizi. Nyama ilikuwa na siku zake, soda ilikuwa ya mgeni, na biriani ilikuwa na arusi yake. Hakujizuia na biriani kwa nidhamu. Biriani haikuwapo.

Kisha akapanda ndege. Alikoshukia, kuku ni rahisi kuliko samaki, mafuta yanauzwa kwa madumu na mchele kwa magunia, na kila Jumamosi ina shughuli yenye masinia ya Idi. Basi liko mlangoni, baridi iko nje, na giza huingia mapema. Kwa wenzetu wa Ghuba baridi haipo, lipo joto la kiangazi lisilomruhusu mtu kuvuka barabara adhuhuri, na kila mahali huendwa kwa gari. Mtu huyu hakubadilisha tabia. Alibadilisha mtaa, na mtaa ndio uliokuwa ukimtembeza na kumpimia chakula. Wala tusije tukadhani kwamba ni hewa ya nyumbani iliyokuwa dawa. Dar es Salaam na Mombasa za leo, zenye bodaboda kila kona na chipsi kila kibaraza, zinazidi kuyajua maradhi haya haya bila ya mtu kusafiri popote.

Hata hivyo si yote yaliyobaki uwanja wa ndege. Swala ilisafiri. Saumu ilisafiri. Kuchangiana mazishi kulisafiri, na kusalimiana, na kumpelekea chakula aliyejifungua. Kwa nini hayo yamefika na kutembea hakukufika? Jibu letu ni kwamba kilichofika ni kile tulichokibeba pamoja, kwa wakati mmoja, huku tukionana. Kilichobaki ni kile tulichokuwa tukibebewa na mtaa bila ya sisi kujua. Kwa hiyo mtu anapokaa peke yake na kitabu, akajiandikia ratiba ya mazoezi na kuibandika jikoni, anajaribu kubeba kwa mikono miwili mzigo ambao kwao ulibebwa na mji mzima.

Lugha yetu ina jambo la kutukumbusha hapa. Kiswahili kina njeo ya mazoea, nayo ni hu. Mimi hutembea, wewe hutembea, sisi hutembea, wao hutembea. Kitenzi hakibadiliki kwa mtu yeyote. Katika ninatembea nimo, katika unatembea umo, lakini katika hutembea hakuna nafsi iliyojitokeza. Hatudai kwamba sarufi ni ushahidi wa kitabibu. Tunasema tu kwamba Clear anamwambia msomaji wake aseme mimi ni mkimbiaji, na hiyo mimi ndiyo nguzo ya kitabu chake, ilhali sisi tunazungumza lugha ambayo jambo likishakuwa mazoea, mimi huondoka.

Clear hakuusahau kabisa upande huo. Katika sura ya tisa anaeleza kwamba binadamu huiga walio karibu naye, walio wengi, na wenye hadhi, na anashauri ujiunge na kundi ambalo jambo unalolitaka kwao ni la kawaida. Ushauri huo unamfaa kijana wa mjini anayeweza kubadilisha marafiki kama anavyobadilisha nyumba ya kupanga. Kwetu una gharama ambayo kitabu hakiitaji. Mwenzetu akijiunga na klabu ya wakimbiaji Jumamosi asubuhi, vizuri sana. Lakini Jumamosi hiyo hiyo kuna hitma, au kikao cha harusi, na asipoonekana mara tatu ataulizwa amekasirikiwa na nani. Na akienda akakataa wali, amemkataa aliyeupika. Kundi lake analo tayari, na hataki kuliacha.

Kisha liko lile sharti la nne, jambo liache ladha nzuri. Kwetu malipo yamepinduliwa. Kunenepa ni kunawiri. Anayerudi nyumbani likizo akiwa mnene hupokewa kwa shangwe kwamba maisha yamemkubali. Akirudi amepungua kilo 10 alizozihangaikia mwaka mzima, swali la kwanza uwanja wa ndege ni hili: umekonda, una nini? Tusiwacheke wanaouliza. Kuna miaka ambayo kukonda kulikuwa na maana moja tu, na kule Uganda maradhi ya UKIMWI yaliitwa slim, yaani wembamba. Hofu hiyo haijatoka katika macho ya wazee wetu. Lakini ni wajibu wetu kuwaeleza kabla ya safari, na ni wajibu wa waliobaki huku kumwambia aliyepungua kwa hiari: hongera, umefanya kazi.

Kuna msomaji mwingine ambaye Clear hakumwona vizuri, naye ni mfanyakazi wa zamu. Mazoea hujengwa juu ya tukio linalorudi. Anayefanya kazi ya kuuguza wazee au ghalani, wiki hii usiku na wiki ijayo mchana, hana saa kumi na mbili ya asubuhi inayofanana na ya jana. Akiambiwa afanye kila siku saa ile ile, ameshashindwa kabla hajaanza. Lakini tazameni tena tulichobeba pamoja. London, magharibi ya Desemba huingia kabla ya saa kumi jioni, na ya Juni huingia baada ya saa tatu usiku. Saa imehama zaidi ya mara tano, na mwenye kuswali hakupotea, kwa sababu hakuifunga ibada kwenye saa. Aliifunga kwenye jua. Mfanyakazi wa zamu naye aufunge mwendo wake kwenye tukio linalomfuata popote zamu inapokwenda: nikivua viatu vya kazi, kabla sijakaa, nazunguka mtaa mara moja. Na asidharau uchache. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa kutoa jasho kidogo kwa wiki, na katika mwongozo wake wa 2020 liliondoa sharti la zamani kwamba lazima ziwe dakika 10 mfululizo. Ngazi za kituo cha treni zinahesabiwa.

Ama kuhusu chakula, kitabu chenyewe kimetupa mfano mzuri kuliko mawaidha yote. Daktari Anne Thorndike wa hospitali ya Massachusetts General, Boston, alibadilisha mpangilio wa mkahawa wa hospitali bila ya kumhubiria mtu. Maji yaliongezwa kwenye majokofu karibu na pa kulipia na kwenye vikapu kando ya vyakula. Kwa miezi mitatu soda ilishuka kwa asilimia 11.4 na maji yakapanda kwa asilimia 25.8. Hakuna aliyeapa wala aliyekula yamini.

Mkahawa wetu ni ukumbi wa shughuli. Hapo ndipo wahakiki tunapogeuka kuwa wanajumuiya na kusema bayana. Meza ya kwanza iwe ya maji, kachumbari, matunda na mboga. Wali uwe mwisho. Soda isipangwe mezani, anayeitaka aiombe. Sinia la watu wanne lipakuliwe la watu wanne. Wengi wetu tulifunzwa tokea chuoni kwamba tumbo ligawiwe mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi. Sinia letu limeshasahau mawili. Baraza la wanaume linaloanza kwa kahawa saa mbili nzima lianze kwa kutembea nusu saa, maneno ni yale yale. Kina mama ambao giza na macho ya watu huwazuia kutembea peke yao watembee watano. Wenzetu wa England wenye miaka 40 hadi 74 wasiokuwa na maradhi hayo wana haki ya kupimwa bure kila baada ya miaka mitano. Basi watu waende kwa makundi, kama tunavyokwenda kumtazama mgonjwa. Na aliye kwenye dawa za sukari azungumze na daktari wake kabla ya kubadilisha ulaji au kufunga, kwani kwake jambo hili si la kukisia.

Atatokea wa kutuambia kwamba tunampa mvivu kisingizio: kama lawama ni ya mtaa, mtu ana haja gani ya kujitahidi? Tunajibu kwamba ana haja kubwa, ila juhudi yake ielekezwe panapofaa. Kumwambia mpishi wa jumuiya apunguze mafuta kunahitaji ujasiri kuliko kujinyima andazi peke yako. Kuwa wa kwanza kusimama barazani na kusema twendeni tukatembee kunahitaji nidhamu. Lakini nidhamu hiyo hutumika mara chache, mwanzoni, kisha wengi wakaichukua. Ile ya peke yako hutumika kila siku, na siku ya mazishi ya jirani, au ya barua mbaya kutoka ofisi ya uhamiaji, haitakuwapo.

Hukumu yetu basi ni hii. Atomic Habits ni kitabu chema kwa mtu mwenye saa yake, jiko lake na mlango wake wa kufunga. Asiyekuwa navyo asome sura ya sita na ya saba, zile za mahali, mara mbili, na ile ya tisa kwa tahadhari, tena asizisome peke yake. Hila zake nyingi zinafaa zikishatolewa katika nafsi ya kwanza umoja na kutiwa katika wingi. Tuliweza kuivusha saumu bahari mbili na baridi zake. Kutembea nusu saa si mzigo mzito kuliko huo.